Stara na Swali Lisiloulizwa

Kiswahili kina maneno mawili yanayokaa jirani na kukopeshana maana, nayo ni haya na aibu. Haya ni vazi analojivisha mtu mwenyewe; hutoka ndani, na mwenye nayo husifiwa. Aibu hutoka nje. Mtu huvishwa na macho ya watu, akaivaa bila ya kupenda. Baina ya hayo mawili limesimama neno la tatu, stara, ambalo kazi yake ni kuilinda haya isigeuke aibu. Watu wa mwambao na visiwani wamelipa neno hilo cheo kikubwa. Nyumba huombewa stara, ndoa huitwa stara, na maiti hafikishwi kaburini ila kwa stara. Suala linalostahili kufikiriwa ni hili: mzee anapopatwa na maradhi ambayo watu huyataja kwa kunong'ona, je, stara huwataka mtoto, jirani na daktari wanyamaze wasiulize, au huwataka waulize kisha wanyamaze?

Ichukuliwe kwa mfano hali ya bibi wa miaka 66, mjane, muuza maandazi mbele ya nyumba yake. Amekonda, ana kikohozi kisichokwisha, na siku hizi husahau hesabu ya wadeni wake. Binti yake anampeleka kituo cha afya. Mtabibu ni kijana wa umri wa mjukuu wake. Anamwamkia shikamoo, anampima presha, anamwuliza habari za usingizi na choo, kisha anamwandikia dawa ya kikohozi. Angekuwa mwanamke wa miaka 28 mwenye dalili zile zile, kipimo cha virusi vya UKIMWI kingekuwa miongoni mwa mambo ya mwanzo kutajwa. Kwa bibi hakitajwi. Kijana ameona haya kumwuliza mtu mzima mambo ya chumbani. Binti ameona haya kuyasikia. Na bibi mwenyewe, ambaye pengine ana shaka moyoni tangu mumewe alipofariki, ameona haya kuliko wote. Watu watatu wenye adabu wamekaa chumba kimoja, na adabu yao imemrudisha mgonjwa nyumbani bila ya tiba.

Bibi huyo ni wa kubuni, lakini hali yake haikubuniwa. Madaktari wa nchi nyingi wamekwisha kuona kwamba watu wa miaka 50 na zaidi hugunduliwa kuwa na virusi wakiwa wamechelewa kuliko vijana. Kuchelewa huko kuna gharama. Virusi huishambulia kinga ya mwili kwa kuziangamiza seli ziitwazo CD4. Kwa mtu mwenye umri mkubwa kinga hiyo hushuka upesi zaidi, na hata akianza dawa hurejea polepole kuliko ya kijana. Aidha, mwanamke aliyekoma hedhi ngozi yake ya ndani huwa nyembamba na kavu, ikawa rahisi kuchubuka na kupitisha maambukizi. Na kwa kuwa haogopi tena mimba, haoni sababu ya mumewe kutumia kondomu. Mambo haya yamo vitabuni, lakini hayamfai mgonjwa ikiwa mdomo wa kuyasema umefungwa. Ndipo dalili zinapopewa majina mengine. Kukonda huitwa uzee, kusahau huitwa uzee, na homa ya mapafu inayorudi kila mara huitwa baridi. Uzee umekuwa kawa linalofunika kila sahani, na hapana anayelinua kutazama kilichomo.

Ukimya huu haukuzaliwa katika chumba cha mtabibu peke yake. Umo pia katika hesabu. Maradhi haya yaliripotiwa Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 1983, huko Kagera, na Zanzibar mwaka 1986. Kipimo kilichozoeleka ulimwenguni cha kueleza ukubwa wake kikawa asilimia ya wenye virusi miongoni mwa watu wa miaka 15 hadi 49. Mpaka huo umetokana na tafiti za uzazi, ambazo humhesabu mwanamke kwa miaka yake ya kuzaa. Tafiti za taifa za mwaka 2003-2004, 2007-2008 na 2011-2012 zilisimama hapo hapo. Aliyeuweka mpaka huo hakukusudia kumdhulumu mzee. Lakini mtu alipotimiza miaka 50 alitoka katika daftari kama aliyehama mji. Ilichukua muda hadi chunguzi zilizofuata kutoa kiwango cha watu wote wa miaka 15 na kuendelea, ambacho kwa Tanzania kilikuwa asilimia 4.4 katika uchunguzi wa mwaka 2022-2023. Zanzibar, ambako kiwango kwa miaka mingi kimekuwa chini ya asilimia 1, uchache wa wagonjwa umezidi kumficha yule ambaye hakuna aliyemtarajia.

Kampeni nazo zilifuata njia ya hesabu. Mabango ya miaka ya 1990 na 2000 yalimwonya kijana, yakamhimiza kijana, yakamchora kijana. Mzee alipotajwa, alitajwa kuwa muuguzi: bibi wa Kagera aliyewazika wanawe na kuwalea wajukuu. Sifa hiyo ilikuwa ya haki, kwa kuwa wazee wengi wa Afrika Mashariki waliwaosha na kuwalisha wagonjwa kwa mikono yao wakati ambapo hospitali haikuwa na dawa ya kuwapa. Lakini aliyewekwa katika kiti cha muuguzi hakuachiwa nafasi katika kitanda cha mgonjwa. Ikawa kana kwamba mwili wake umekwisha kutoka katika mambo ya dunia, haupendi, haupendwi, wala haupatwi na lolote.

Hivi leo mpaka ule umevunjwa na tiba yenyewe. Mwaka 1996 ilidhihirika kwamba dawa za kufubaza virusi, zikitumiwa tatu kwa pamoja, huweza kuyazuia makali ya maradhi kwa muda mrefu. Mwaka 2004 Tanzania ilianza mpango wa taifa wa kuzitoa bila malipo. Mtu aliyeanza kuzinywa mwaka huo akiwa na miaka 45 sasa amevuka 65. Shirika la UNAIDS lilikadiria kwamba mwaka 2012 watu milioni 3.6 wa miaka 50 na zaidi walikuwa wakiishi na virusi duniani, na idadi hiyo imepanda tangu hapo. Kuzeeka na virusi ni neema ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1990 wachache walithubutu kuiomba. Lakini neema hiyo ina kodi yake. Baadhi ya dawa za mwanzo, kama stavudini, ziliwaachia watumiaji wake ganzi na maumivu ya miguu. Dawa ya tenofoviri huweza kugusa figo na mifupa. Maradhi ya moyo nayo huwaandama wenye virusi kuliko wenzao. Utafiti uitwao REPRIEVE, uliofanywa katika nchi 12 kwa watu 7,769 wa miaka 40 hadi 75 na kutangazwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba kidonge cha kupunguza mafuta ya damu kiliyapunguza madhara makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35. Maana yake ni kwamba mgonjwa mzee anahitaji kutazamwa mzima mzima, moyo, figo, mifupa na akili, na macho ya kumtazama hivyo hayawezi kuwa macho yanayoona nusu.

Hapa ndipo siri inapoanza kumdhuru mwenye nayo. Ichukuliwe kwa mfano baharia mstaafu wa miaka 68. Ana sukari, na kliniki yake ya sukari ipo karibu na nyumbani. Ana virusi pia, na dawa za virusi huzifuata ng'ambo ya mji, ambako hakuna anayemjua. Daktari wa kwanza hajui habari za pili, kwa sababu mzee hakusema naye hakuulizwa. Anaandikiwa metformini kwa ajili ya sukari. Kule ng'ambo anapewa dolutegraviri, ambayo tangu mwaka 2019 imeingia katika safu ya mbele ya tiba ya virusi nchini. Dolutegraviri huizidisha metformini katika damu, ndiyo maana kipimo cha metformini hutakiwa kuangaliwa na kuwekewa kikomo, hasa kwa mtu ambaye figo zake zimekwisha kuchoka kwa umri. Akinunua dukani dawa ya kiungulia yenye aluminiamu au magneziamu, akainywa wakati mmoja na dolutegraviri, nguvu ya dolutegraviri hupungua. Dawa hizo zote ni nzuri, na madaktari wote wawili ni waangalifu. Kilichokosekana ni swali moja tu: "Mzee wangu, kuna dawa nyingine unayotumia?" na baada yake, ukimya wa kutosha kwa mzee kujibu.

Haifai, hata hivyo, kuudharau upande wa pili. Kisiwa ni kidogo. Benchi moja la hospitali huweza kukusanya jirani, mkwe na mwalimu wa chuo. Mlango wa kliniki ukiwa na jina moja tu juu yake, anayeuingia amekwisha kutangazwa. Na mzee ana kingi cha kupoteza. Kijana akivunjiwa jina, huenda akahama na kulijenga jingine. Mzee ameshughulika na jina lake miaka 60; kwa jina hilo hutangulizwa msikitini, hupelekwa kuposa, huamua ugomvi wa mirathi, na watoto wa mtaa humtii hata kama hawakuzaliwa naye. Tena kuna wanawe, ambao watauliza yametoka wapi, na kwa swali hilo marehemu atafukuliwa kaburini na ndoa ya miaka 40 itawekwa mizanini. Mwenye kusema kwamba mzee aachiwe siri yake hasemi upuuzi. Anaijua jamii yake.

Lakini mwenye kusema hivyo amechanganya mambo mawili, siri na kutojulikana. Siri ni jambo lililojulikana likatunzwa. Jambo ambalo hakuna aliyelijua halikutunzwa na mtu, limepotea tu. Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata huijua kwa kuzama ndani. Kata inayoning'inia ukutani haijui lolote, wala haistahili kusifiwa kwa kutosema.

Jamii ya Waswahili ina mfano wa hili ulio bora kuliko wote, nao ni mwosha maiti. Yeye huuona mwili ambao labda hata mke au mume hakupata kuuona kwa ukamilifu wake. Huona kovu, uvimbe, kidonda, dalili ya maradhi. Hufanya kazi yake chini ya nguo, mkono ukienda mahali ambapo jicho halihitaji kwenda. Akiona la kheri anaweza kulisimulia. Akiona la kutia aibu, hulizika pamoja na mwenyewe. Hakuna anayesema kwamba mwosha amemvunjia marehemu heshima kwa kumwona. Heshima yenyewe hukamilika kwa mikono yake, kwa sababu bila ya mtu wa kuona na kusafisha, maiti asingekwenda safi. Kwa mujibu wa mfano huu, stara huanza baada ya kujua. Anayegeuza uso asione amejisitiri yeye mwenyewe, na mgonjwa amebaki na uchi wake. Nao waganga wa Ugiriki ya kale, katika kiapo kinachonasibishwa na Hippocrates, waliahidi jambo la namna hiyo hiyo: kuyanyamazia yale watakayoyaona na kuyasikia katika nyumba za wagonjwa. Aliyeahidi kuyanyamazia amekubali kwanza kuyaona.

Basi suala huwa zito zaidi. Ikiwa jamii hii inajua kumpa maiti mtu wa kumtazama bila ya kumtangaza, kwa nini imnyime mzee aliye hai? Kwa nini angojee afe ndipo apate stara ambayo ingemzuia kufa?

Husemwa kuwa ni vigumu, kwa sababu mila haziruhusu mazungumzo ya aina hiyo mbele ya mtu mzima. Mila zenyewe zinakanusha. Mwambao una somo na kungwi, ambao kazi yao ilikuwa kumfundisha mwari mambo ya mwili na ya ndoa kwa maneno yasiyo na pazia, na mara nyingi mwenye kufundisha alikuwa mwanamke wa makamo au kikongwe. Fatuma binti Baraka, aliyejulikana ulimwenguni kwa jina la Bi Kidude na kufariki mwezi wa Aprili 2013, aliendelea na ngoma ya unyago hadi uzeeni kabisa, na watu hawakuona ajabu kwamba mwanamke wa umri ule anayajua mambo yale na kuyasema. Kwa hiyo wazee hawa hawakuwa mabubu. Walikuwa na chumba chao, lugha yao na masharti yao: mlango umefungwa, waliomo wanaaminiana, na kilichosemwa ndani hakitoki na viatu. Kinachokosekana hospitalini ni chumba cha namna hiyo. Mzee anayeulizwa habari zake mbele ya pazia la nusu, na mgonjwa wa pili akingoja zamu kwenye kiti cha karibu, atanyamaza, na kunyamaza kwake kutakuwa ni hekima.

Kuna pingamizi nyingine, isiyosemwa kwa sauti. Ni ile ya uhaba. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, huduma nyingi za Afrika zilizoutegemea mfuko wa PEPFAR, ulioanzishwa mwaka 2003, zilitikisika. Mkate unapopungua, yuko atakayesema kwamba mzee amekwisha kula chumvi nyingi na aanze kijana. Hoja hii ina sura ya haki, lakini inampima mtu kwa miaka iliyobaki, kama shamba linalopimwa kwa mavuno yajayo. Pencheni jamii ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 2016 kwa kila mkaazi aliyefika miaka 70, ilijengwa juu ya fikra iliyo kinyume: mzee hupewa kwa kuwa ni mzee, bila ya kuulizwa atazalisha nini. Fikra hiyo ikiwa ni sahihi kwa fedha, haiwezi kuwa batili kwa vidonge. Na isisahauliwe kuwa mzee aliyeachwa bila ya tiba haondoki peke yake. Wajukuu anaowalea huondokewa na nguzo, na mwenzi wake hubaki katika hatari asiyoijua.

Lipo jambo la mwisho katika pingamizi, nalo ni hiari. Mzee anaweza kukataa kupimwa, anaweza kukataa kueleza, na kukataa kwake kuheshimiwe. Utu uzima una haki ya kufunga mlango wake. Lakini kukataa ni haki ya aliyeulizwa. Asiyeulizwa hana hata cha kukataa. Wengine wamekwisha kukataa kwa niaba yake, kisha wakaliita tendo hilo heshima.

Namna ya kuuliza haihitaji elimu kubwa mno. Swali linaloulizwa kwa wote halimtuhumu mmoja. Ikiwa kila aliyepita miaka 50, akifika kwa presha au kwa macho, ataelezwa kwamba kituo hiki humwuliza kila mtu na humshauri kila mtu, hakuna atakayeondoka akijiuliza wamemwonea nini. Ikiwa dawa za sukari, presha na virusi zitatolewa katika mlango mmoja, benchi la nje halitakuwa na la kusimulia. Ikiwa mzee ataweza kuchagua kuzungumza na mhudumu wa rika lake na wa jinsia yake, maneno ambayo hayatoki mbele ya mjukuu yatapata njia. Na ikiwa atapewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja, safari za kujieleza zitapungua. Hayo yote ni mambo ya mpango na ya malezi ya wahudumu. Kila moja lina nguo yake ya kufanyia kazi chini yake, kama ile ya mwosha.

Na mzee aliyeulizwa, akapimwa, akatibiwa, hurudishiwa mambo mengi kuliko afya. Imekwisha kuthibitishwa na tafiti kwamba mtu anayetumia dawa barabara, hata virusi vyake visionekane tena katika kipimo, hamwambukizi mwenziwe kwa tendo la ndoa. Mjane wa miaka 66 anaweza kuolewa tena pasipo kumdhuru mtu. Baharia mstaafu anaweza kulala karibu na mkewe bila ya hofu iliyomkaa kifuani miaka na miaka. Ndoa iliitwa stara kabla ya maradhi haya kujulikana, na jina hilo halikuwekewa umri wa kuisha. Waliozoea kuomba mwisho mwema kwa wazee wao wanaweza kuanza kwa kuvuta kiti karibu, kufunga mlango, na kuuliza.